Barcelona ya Wachoraji Watano

Mwaka 1957, wachoraji watano waliokuwa vipenzi vya watoto wa Hispania walinyanyuka kwenye meza zao katika kampuni ya Bruguera, mjini Barcelona, wakaenda kuanzisha gazeti lao. Walikuwa Josep Escobar, Guillermo Cifré, Carlos Conti, José Peñarroya na Eugenio Giner. Nayataja majina yao mapema kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha Barcelona. Nilikutana nayo katika El invierno del dibujante, kitabu cha katuni cha Paco Roca kilichotoka 2010, ambacho nilikisoma kwa tafsiri ya Kiingereza na nikakirudia mara nyingi. Basi nilipopata nafasi ya kuiona Ulaya kwa mara ya kwanza, na wenzangu wakawa wananihimiza nisikose kanisa la Sagrada Família wala uwanja wa mpira, mimi nilikuwa na anwani moja mfukoni: ya ofisi za mchapishaji aliyefunga milango 1986.

Katuni zinazosimulia historia chungu ya katuni zenyewe siku hizi ni ukoo mzima. Will Eisner alitoa The Dreamer mwaka 1986, akaonyesha karakana za New York za miaka ya 1930, ambako vijana walichora mchana kutwa kwa malipo ya kila ukurasa. Ila majina ya watu akayabadilisha. Yoshihiro Tatsumi aliwasimulia Wajapani, katika kitabu kinene cha mwaka 2008, maisha ya wachoraji waliochora vitabu vya kukodishwa baada ya vita. Mwaka 2018 Julian Voloj na Thomas Campi wakatoa maisha ya Joe Shuster, aliyembuni Superman pamoja na Jerry Siegel, wakamuuza kwa dola 130 mwaka 1938, kisha wakatumia miaka mingi ya maisha yao mahakamani na magazetini wakidai angalau majina yao yarudishwe. Vyote nimevisoma kwa uchungu. Cha Roca nakiweka juu ya vingine kwa sababu mbili: hakuficha jina la mtu, na hakumtafuta shetani mmoja wa kumtwisha lawama zote.

Safari ya angani haina cha kusimuliwa. Uwanjani nilipokewa na dada mmoja wa Mombasa anayesoma huko, ambaye alijitolea kuwa mwenyeji wangu na mkalimani wangu. Nilimweleza nilichokuja kukitafuta tukiwa bado ndani ya basi. Akanitazama sana.

“Kaka yangu, wewe wataka kwenda kuitazama kampuni iliyokufa?”

“Nataka kuona walipokaa.”

“Haya. Lakini leo utapumzika, na utakula.”

Jioni yake alinitembeza La Rambla, na hapo ndipo nilipoanza kukielewa kitabu nilichodhani nimekwisha kukielewa. Barabara ile ina vibanda vya magazeti, na vingi sasa vinauza fulana, sumaku za kubandika kwenye friji na zawadi za watalii. Nilisimama mbele ya kimoja muda mrefu. Katika miaka ya 1950, kabla televisheni haijaenea Hispania, kibanda cha namna hii ndicho kilichokuwa mlango wa pekee wa katuni. Mtoto alikuja na sarafu yake kila wiki, akachukua Pulgarcito au El DDT, akaondoka. Mwenye kibanda aliishi kwa magazeti aliyoletewa na msambazaji, na Bruguera ilikuwa na magazeti mengi mno kiasi kwamba hakuna msambazaji aliyeweza kuiudhi. Wachoraji wale watano walikuwa na vipaji, walikuwa na wasomaji, walikuwa na umri wa kujua kazi. Kibanda hawakuwa nacho.

Walichokuwa wakikitaka ni hiki. Bruguera ilimlipa mchoraji kwa ukurasa. Akishaukabidhi, ukurasa ule ulikuwa wa kampuni: mchoro, mhusika aliyemo, hata karatasi yenyewe yenye wino wake. Kampuni iliweza kuuchapa tena baada ya miaka kumi bila kumlipa mchoraji hata senti. Iliweza kumchukua mhusika na kumkabidhi mchoraji mwingine, na yule aliyembuni akaja kumkuta gazetini akiwa amechorwa na mkono asioujua. Kuugua hakukuwa na malipo, wala uzee. Escobar alikuwa baba wa Carpanta, na wa Zipi na Zape, mapacha watundu ambao hakuna mtoto wa Kihispania asiyewajua. Cifré alimbuni Tribulete, mwandishi wa habari asiyekosekana penye tukio. Peñarroya alikuwa na Don Pío, na Giner ndiye aliyemchora Inspekta Dan. Kwa mujibu wa karatasi walizotia saini, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na chochote.

Wakaunganisha akiba zao, wakasajili kampuni waliyoiita Dibujantes Españoles Reunidos, yaani umoja wa wachoraji wa Hispania, na Juni 1957 likatoka toleo la kwanza la Tío Vivo. Wahusika waliowalea kwa miaka waliwaacha nyuma, maana sheria haikuwaruhusu kuwabeba. Wakabuni wengine. Gazeti lilikuwa zuri, na anayelishika leo anaona mara moja kwamba waliolichora walikuwa na furaha. Lakini halikufika vibandani kama lilivyopaswa kufika, na fedha ya wachoraji watano haiwezi kushindana kwa muda mrefu na fedha ya kampuni inayomiliki mitambo, wasambazaji na mazoea ya wasomaji. Mwaka uliofuata wakaanza kurejea kwenye meza zilezile. Kufikia 1960 hata Tío Vivo lenyewe lilikuwa mali ya Bruguera.

Siku ya pili tulipanda El Coll. Ni mtaa ulio juu ya mlima, upande wa Gràcia, na kutoka kituo cha treni cha Vallcarca kuna ngazi za umeme zilizojengwa nje, barabarani kabisa, kwa ajili ya wenyeji wanaopandisha na mizigo yao ya sokoni. Watalii wengi huzipanda wakienda Park Güell. Sisi tuliwaacha, tukafuata vichochoro kwenda kwenye barabara iliyokuwa ikiandikwa Mora la Nueva kwenye kurasa za ndani za kila kitabu cha Bruguera, sasa ikiandikwa kwa Kikatalani, Móra la Nova. Namba 2 ndiyo ilikuwa anwani ambayo watoto kutoka Galicia hadi Visiwa vya Canary walipeleka barua zao.

Nilitafuta kibao chenye majina. Sikukiona. Kuna majumba ya makazi, nguo zimeanikwa kwenye veranda, mama mmoja anaburuta kikapu cha magurudumu kupanda kilima. Kitabu kilikuwa mkononi. Nilikifungua kwenye kurasa za ofisi: safu za meza, wanaume wamevaa suti na tai kana kwamba wako benki, kila mmoja ameinamia karatasi yake. Roca ameyapa majira rangi zake, hivyo kurasa za kiangazi, wakati watano wanapanga mipango yao, zina joto la manjano, na kurasa za baridi zina rangi ya kijivu inayokaribia samawati. Hadithi haisimuliwi kwa mfuatano. Inaruka kutoka mwaka wa matumaini kwenda mwaka wa kurudi, kisha inarudi nyuma. Kwa hiyo msomaji anawaona wakicheka huku anajua tayari watashindwa. Kwangu mimi uamuzi huo ndio unaokifanya kitabu kiwe kikubwa. Angesimulia kwa mpangilio, tungesubiri kuona kama watashinda. Kwa mpangilio wake, tunawatazama wao tu.

“Na huyu mkali mwenye miwani ni nani?” dada aliniuliza, akichungulia ukurasa.

Nikamwambia ni Rafael González, mhariri mkuu. Siku iliyofuata, mbele ya La Model, ndipo nilipomwelewa.

La Model ni gereza. Lilifunguliwa 1904 na kufungwa Juni 2017, nalo liko katikati ya mji kabisa, katika mtaa wa Eixample, limezungukwa na maghorofa yenye pembe zilizokatwa ambazo ni alama ya mtaa huo. Lilijengwa kama nyota, mabawa yake yote yakikutana penye kituo kimoja, ili askari mmoja aone korido zote. Tulisimama upande wa barabara ya Entença, penye lango. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, Barcelona iliangukia mikononi mwa jeshi la Franco tarehe 26 Januari 1939, na baada ya hapo La Model ilijaa watu wa upande ulioshindwa. Mmoja wao alikuwa Josep Escobar. Kosa lake lilikuwa michoro: alikuwa amewachora majenerali kwa dhihaka katika magazeti ya Kikatalani wakati wa vita. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa posta. Alipotoka gerezani posta haikumtaka tena.

Hapo, mbele ya ukuta ule, kitabu cha Roca kilinifungukia upande ambao sikuwa nimeutilia maanani. Rafael González, mhariri aliyewatisha wachoraji, aliyewakata maneno na kuwarudishia kurasa, alikuwa mwanahabari wa upande wa Jamhuri, na ushindi wa Franco ulimfungia taaluma yake. Víctor Mora, mwandishi wa hadithi za El Capitán Trueno, shujaa aliyeuza nakala zaidi ya laki moja kila wiki, alikamatwa 1957 pamoja na mwenzi wake, Armonía Rodríguez, kwa shughuli za siri dhidi ya utawala, wakafungwa. Wasomaji wadogo wa Trueno hawakujua kwamba mwandishi wao yuko kifungoni. Ukizungusha macho katika ukumbi wa Bruguera, karibu kila meza ilikuwa na mtu aliyeshindwa vita. Ndugu wa Bruguera, wenye kampuni, waliwapa kazi watu ambao wengi waliogopa kuwapa kazi, na jambo hilo ni jema, lisemwe wazi. Lakini mtu asiye na pengine pa kwenda hana nguvu ya kujadili mkataba. Kampuni ilijua hivyo. González alijua hivyo kuliko wote, kwa sababu naye alikuwa mmoja wao.

Nimesoma watu wakimlaumu Roca kwamba amemlainisha González. Siafikiani nao. Anayemfanya mhariri kuwa zimwi anaiachia kampuni iondoke na mikono safi. Ukali wa González ulikuwa wa kweli, na kitabu hakiufichi, lakini yeye hakuandika kile kifungu kilichosema karatasi yenye wino ni mali ya kampuni. Alikisimamia tu, akalala, akaamka, akakisimamia tena. Kuonyesha jinsi mtu aliyevunjwa anavyokuwa mkono wa kuwavunja wengine ni kazi ngumu kuliko kuchora zimwi, na Roca ameifanya kwa nyuso tu: namna González anavyovua miwani, namna anavyosoma ukurasa wa mtu anayejua ni hodari kuliko yeye.

Dada hakuwa amesema neno kwa muda. Kisha akauliza kama watoto walijua lolote.

Swali hilo lilijibiwa Jumapili, kwenye soko la Sant Antoni. Kila Jumapili asubuhi, chini ya paa refu linalozunguka soko hilo la chuma, wauzaji hupanga vitabu vya zamani, kadi za posta, sinema na katuni, desturi iliyoanza tangu karne ya 19. Watoto na babu zao hukaa pembeni wakibadilishana picha za wachezaji. Nilipita meza baada ya meza, na wahusika niliokuwa nikiwajua kwenye kitabu kimoja tu wakanijia kwa mamia: Zipi na Zape, wale dada wawili, akina Gilda, waliochorwa na Manuel Vázquez, na Tribulete. Karatasi ni ile nyembamba ya bei rahisi, imegeuka rangi ya chai.

Tulisimama kwa muuzaji mmoja mzee aliyekuwa na rundo la Pulgarcito. Nilimwomba dada amuulize ni nani aliyempenda utotoni. Hakufikiri. Alivuta toleo moja, akaweka kidole juu ya mtu mwenye kofia na kola ndefu iliyomfunika shingo: Carpanta.

Carpanta alizaliwa 1947. Hana kazi, hana nyumba, analala chini ya daraja, na katika kila hadithi anatafuta chakula asikipate. Ndoto yake ni kuku wa kuchoma. Hispania ilikuwa bado na kadi za mgawo wa chakula, zilizoendelea mpaka 1952, na mtoto aliyekuwa akisoma Carpanta mara nyingi alikuwa na njaa yeye mwenyewe. Inasimuliwa kwamba wadhibiti wa serikali walikuja juu, wakasema katika Hispania ya Franco hakuna mtu mwenye njaa. Muuzaji alituambia baba yake alikuwa akikisoma kisa cha Carpanta kabla yake, mezani, kimya, halafu ndipo anampa yeye gazeti.

“Nilidhani anacheka,” alisema, naye dada akanitafsiria polepole. “Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba hakuwa akicheka.”

Nikamwuliza kama alijua Escobar alikuwa amefungwa, au kwamba Carpanta hakuwa wake. Hapana. Alijua saini tu, ile Escobar yenye herufi za mviringo chini ya picha. Habari za mikataba alizipata uzeeni, kutoka kitabu cha Roca, ambacho alikuwa nacho mezani, toleo la Kihispania la mchapishaji Astiberri, hakikuwa cha kuuzwa. Alitufungulia ukurasa mmoja na kutuonyesha wachoraji watano wakiwa pamoja, kila mmoja kwa jina lake. Kisha akaniuzia toleo la Tío Vivo la mwaka ule wa kwanza, na euro mbili akanirudishia baada ya kujua nimetoka wapi.

Pale pale mezani palikuwa na Mortadelo na Filemón, wale wapelelezi wawili wanaojulikana hadi Ujerumani. Francisco Ibáñez aliwaanzisha Januari 1958, ndani ya Pulgarcito, katika miezi ile ambayo wakongwe walikuwa wameondoka na kurasa zinahitaji watu. Kijana aliyeingia kwenye pengo la watano akawa mchoraji mkubwa kuliko wote Hispania. Mwaka 1985 naye akaondoka Bruguera. Na kwa miaka michache Mortadelo aliendelea kutoka bila yeye, akichorwa na wengine, kwa kuwa karatasi ilikuwa inasema vilevile. Bruguera ilifilisika, ikafungwa 1986, mali yake ikaenda kwa kundi la Zeta lililoanzisha Ediciones B, na hapo ndipo Ibáñez alipoafikiana nao akawarejea wapelelezi wake. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa Hispania Novemba 1987. Kwa wengine ilichelewa: Cifré alikuwa amefariki tangu 1962. Conti na Peñarroya walifariki 1975. Ibáñez alifariki Julai 2023, na nchi nzima ilimwombolezea kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo wale waliomtangulia hawakulipata.

Usiku wa mwisho nilimwonyesha dada picha za magazeti yetu ya katuni ya Sani ya miaka ya themanini nilizo nazo kwenye simu. Alimkumbuka mhusika Komredi Kipepe, kwa kuwa kaka zake walikuwa wakiagiza magazeti hayo kutoka Tanga. Nilimwambia Kipepe aliumbwa na Philip Ndunguru, aliyefariki kijana sana, 1986, na kwamba wengine wakaendelea kumchora. Hakuwahi kulisikia jina hilo.

“Na yeye nani atamchora?”

Nilimwandikia rafiki yangu mchoraji, aliye Dar es Salaam, ambaye katika miaka ya tisini alichorea magazeti ya katuni yaliyokuwa yakigombaniwa Kariakoo. Nilimwuliza kurasa zake za asili ziko wapi. Asubuhi alikuwa amejibu: alizikabidhi ofisini, alilipwa kwa ukurasa, hakuna aliyewahi kumrudishia hata moja, na ofisi ilishafungwa. Nikamwandikia tena, nikamweleza kuhusu wale watano, nikampigia picha kurasa za Roca zenye majina. Akaniuliza kama nina kinasa sauti kizuri. Wenzake wa wakati ule baadhi wako hai, mmoja yuko Mbagala na anaumwa, na anadhani tuanze na huyo. Mimi nitarekodi na kuandika. Yeye atachora, na kurasa zitabaki kwake.